Kitambaa Chekundu cha Kifaru: Risala ya Wafanyakazi wa Karakana ya Malori

Mgeni rasmi, Mkurugenzi Mkuu wa kampuni yetu. Meneja wa Usafirishaji. Msimamizi wetu wa karakana. Madereva, mafundi, walinzi na mama wa kantini. Na wewe lori letu Kifaru uliyesimama hapo nje, umefungwa utepe kama bwana harusi aliyechelewa:

Sisi wafanyakazi wa karakana ya malori tunakusalimu, mgeni wetu, kwa heshima na kwa furaha. Tumemchagua fundi wa breki atusomee, kwa sababu sauti yake inasikika hata kompresa ikiwaka. Tumemwonya asiongeze chumvi.

KARIBU

Mgeni rasmi, tumefagia. Tumefagia hadi ndani ya shimo la ukaguzi, mahali ambapo ufagio haujafika tangu shimo lichimbwe. Harufu ya oili tumeshindwa kuitoa, ila tumeambiwa wewe haikusumbui, kwa kuwa kabla ya kukalia kiti ulikalia usukani miaka mingi. Habari hiyo ilitufurahisha kuliko utepe na viti vya kukodi. Tumewahi kupata wakuu waliouliza kwa nini lori lina matairi mengi hivyo. Wewe hutauliza.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tunaomba uushike msemo huo mkononi, tutakuja kuuchukua mwishoni.

HISTORIA FUPI YA KARAKANA NA YA MAMA TOCHI

Karakana hii ilianza na paa la bati, meza moja ya chuma na mafundi wawili waliogombania spana moja. Leo tuna mashimo mawili, winchi ya kunyanyulia injini, na spana za kutosha ingawa ya kumi na tisa hupotea kila wiki na hakuna anayejua inakokwenda.

Historia ya karakana hii haisemeki bila kumtaja fundi wetu wa injini. Ofisini ana jina lake, huku sisi tunamwita Mama Tochi. Alianza kwa kuosha vyuma kwenye beseni la dizeli, akapelekwa kusoma, akarudi, akapewa meza ya injini. Tochi yake ndogo hukaa mfuko wa kifuani, na huiwasha hata mchana wa jua kali. Mtu akimcheka, humjibu, "Jua linaangaza nje ya gari, mwanangu. Ugonjwa uko ndani."

Mama Tochi hana haraka ya kufungua injini. Mafundi wengine hukimbilia spana, yeye hukimbilia maswali. Ulitoka wapi na gari? Lilikuwa na mzigo? Geji ya joto ilipanda mlimani au ulipoteremka? Moshi ulikuwa wa rangi gani asubuhi? Madereva wengine humwogopa kuliko trafiki. Lakini lori likitoka mikononi mwake, dereva hulala usingizi.

Kifaru naye unamwona. Ni lori la zamani, silinda sita, kelele nyingi, na hajawahi kukataa mzigo. Dereva wake ni mume wa mdogo wake Mama Tochi, kwa hiyo hapa karakana hao wawili huitana shemeji na hutaniana tangu asubuhi mpaka jioni.

MAFANIKIO: MAJI YALIYOPOTEA BILA KUONEKANA

Mgeni rasmi, katika mafanikio yetu mengi tumechagua moja tu, kwa kuwa ndilo linalotuuma na ndilo tunalojivunia.

Asubuhi moja Kifaru aliwashwa, akatoa moshi mweupe kwa dakika chache, kisha akakaa sawa. Dereva hakuona ajabu. Mama Tochi aliyekuwa akipita na kikombe cha chai alisimama, akanusa, akaweka kikombe juu ya tairi. Moshi ule ulikuwa na utamu kwa mbali. Moshi wa dizeli haunuki utamu. Ile dawa ya kijani ya kupoozea injini tunayotia kwenye rejeta ndiyo hunuka hivyo ikiungua.

"Shemeji," akamwita dereva, "maji ya rejeta unaongeza lini?"

"Mimi? Naongeza kidogo tu nikiona yamepungua. Gari zee hili, shemeji. Mzee akiamka lazima anywe maji."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo cha kawaida."

Mama Tochi hakumgombeza. Alikwenda kwa muosha magari, akamuuliza swali lilelile. Muosha magari naye alikuwa akiongeza kidogo kila anapomaliza kuosha, kwa hisani tu, maana mpira uko mkononi. Mlinzi wa getini alikuwa akiongeza kidogo alfajiri kabla ya magari kutoka. Fundi wa umeme akiongeza. Na huyu anayewasomea, wa breki, naye alikuwa akiongeza. Sote tulikuwa tunamnywesha Kifaru, kila mtu kwa wakati wake, kila mtu akijiona msamaria mwema, na hakuna aliyemwambia mwenzake. Hiyo ndiyo desturi ya uwanja wetu: ukikuta maji yamepungua, jaza, funga, nenda zako. Kwenda kulisema ni kama kumsengenya dereva.

Mama Tochi alitukusanya kando ya shimo. Alikuwa na hasira, na alitaka tuione.

"Haba na haba hujaza kibaba," alisema, "na nyinyi mmejaza mpaka mmeuficha ugonjwa. Kila mtu anaona rejeta imejaa, kwa hiyo hakuna anayejua gari linavuja. Halafu mnatia maji matupu ya bombani. Dawa imezimuliwa imebaki jina. Maji matupu yanakula chuma humo ndani. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kuanzia leo asiongeze mtu hata tone mpaka niseme."

Kisha akaanza kazi, na hapa, mgeni rasmi, tunaomba uruhusu tumsifu bila kujizuia, kwa sababu tulisimama pembeni tukitazama na chai zetu zikapoa.

Alilala chini ya Kifaru juu ya kadibodi, akapitisha tochi kwenye kila mpira wa maji na kila klipu. Pakavu. Akakagua pampu ya maji, pale kwenye kitundu ambacho hudondosha maji pampu ikichoka. Pakavu. Akapanda ndani ya kabini, akavua viatu, akakanyaga zulia kwa soksi kutafuta unyevu wa hita. Pakavu, ila alikuta kibanio cha nywele kilichopotea na shemeji yake akapata la kueleza nyumbani. Akafungua matangi ya upepo wa breki ili aone kama kompresa inavusha maji. Ulitoka umande tu. Akachomoa kijiti cha oili, akaipaka oili kwenye kidole, akaitazama mwangani. Ilikuwa nyeusi safi, haikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa kama inavyokuwa maji yakiingia humo.

Akafunga pampu ya mkono yenye geji kwenye mdomo wa rejeta, akajaza upepo, akakaa juu ya ndoo akiutazama mshale. Mshale ulishuka. Ulishuka polepole sana, kama mtu anayeondoka kwenye kikao bila kuaga. Nje hapakuwa na tone, na alipoitoa pampu na kuwasha injini, mapovu machache yalipanda kwenye rejeta.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Yanaingia ndani ya silinda. Ama gasketi imeachia, ama ukuta wa silinda umetoboka tundu la sindano."

Alituambia maana yake, nasi tunaisema hapa kwa ajili ya wageni wasio mafundi. Lori likisimama usiku, maji hupenya kidogo kidogo na kukaa juu ya pistoni. Asubuhi huungua, ndio ule moshi. Siku yakipenya mengi, pistoni itapanda na kukutana nayo, na maji hayabanwi. Chuma ndicho hukubali kupinda. Likitokea hilo mlimani na mzigo mgongoni, dereva hana injini, na upepo wa breki nao hauongezeki. Mama Tochi alipofika hapo alimgeukia shemeji yake, na shemeji akaweka kikombe chake cha chai chini.

CHANGAMOTO

Kufungua injini ya Kifaru ni kazi ya kulisimamisha lori na kuagiza vipuri. Msimamizi wetu alisema, na tunakiri alikuwa na haki ya kusema, kwamba mshale wa geji na mapovu machache kwenye rejeta havitoshi. "Mapovu hata sufuria ya chai inatoa," alisema. "Nionyeshe maji yamepungua bila mtu kugusa, nami nitatia sahihi."

Wakakubaliana. Jumamosi Mama Tochi alijaza rejeta hadi shingoni mbele ya msimamizi. Kifaru akapakiwa mzigo, akapandishwa mlima, akarudishwa, akaegeshwa apoe mpaka Jumatatu. Juu ya kifuniko Mama Tochi alifunga kitambaa chekundu. Hapa uwanjani kila mtu anajua kitambaa chekundu maana yake usiguse. Tulikuwa tunapita mbali na Kifaru kama vile amelala.

Jumatatu tukazunguka wote. Msimamizi akafungua kifuniko kwa mkono wake. Mama Tochi akamulika.

Maji yalikuwa shingoni. Palepale.

Mgeni rasmi, tumefanya kazi na Mama Tochi miaka mingi na hatujawahi kumwona akizima tochi kwa namna ile. Hakuzozana. Alikichukua tu kile kitambaa alichokuwa amekishika msimamizi, akakigeuzageuza, kisha akasema, "Bosi, ulipokuwa unakifungua kiliachia kwa kuvuta mara moja. Mimi sifungi hivyo. Mimi nafunga fundo la mama mwenye haraka, halifunguki bila meno. Hili lilikuwa fundo la maturubai."

"Kwa hiyo tufungue injini kwa sababu ya fundo?" msimamizi aliuliza, na baadhi yetu tulicheka. Tulicheka kwa sababu ya woga, lakini kicheko kilisikika.

Alituuliza mmoja mmoja. Tuliapa hatujagusa, na ilikuwa kweli. Ikaonekana kwamba fundi wetu amezeeka, anaona magonjwa yasiyokuwepo. Alihamishiwa stoo ya matairi, akapewa kiti na kalamu. Kifaru akapakwa rangi mpya na kuchaguliwa kuwa lori la kufungulia safari za msimu, hili ambalo leo tumekuomba uliage kwa bendera. Mzigo uko mgongoni. Njia yake ni ile ya mlima. Na usukani ni wa shemeji.

Mama Tochi alikwenda stoo. Alituambia baadaye kwamba kuhamishwa hakukumuuma sana. Matairi nayo ni sehemu ya gari. Kilichomkosesha usingizi ni kwamba yeye mwenyewe alianza kujishuku. Alikuwa akikaa kati ya matairi akiurudia ule ukaguzi kichwani, mpira kwa mpira, klipu kwa klipu, akitafuta alikokosea. Na kila jioni mdogo wake alimpigia simu kuuliza, "Dada, hilo gari ni zima?" naye hakujua ajibu nini. Akisema ni zima, moyo unakataa. Akisema ni bovu, atamtia mdogo wake hofu kwa jambo aliloshindwa kulithibitisha.

YALIYOTOKEA JUZI

Juzi tulitundika picha yako kantini, mgeni rasmi, kwa maandalizi ya leo. Mama wa kantini, ambaye hupika hata Jumapili kwa ajili ya walinzi, alitoka jikoni na mwiko mkononi, akaitazama.

"Huyu nani?"

"Mkurugenzi mpya, mama."

"Huyu ndiye aliyeniazima jagi," alisema.

Tukamkalisha chini. Alituambia kwamba Jumapili ile ya kitambaa alikuja baba mmoja wa shati la kawaida, mpole, amekunja mikono, akasalimia vizuri na kuomba jagi la maji. Alilirudisha limeoshwa. "Wanaume wenu hawa," mama wa kantini alisema akituelekezea mwiko, "hawajawahi kunirudishia chombo kimeoshwa. Ndiyo maana sikumsahau."

Mlinzi wa getini, alipobanwa, alikubali kwamba ulipita siku hiyo ukamwonyesha kitambulisho na kumwomba asitangaze, ukitaka kuuona uwanja ulivyo bila shamrashamra. Alitii. Hatumlaumu.

Mgeni rasmi, tunayasema haya kwa mapenzi. Tumewaza sana ulivyofanya, na kila tulivyowaza ndivyo tulivyozidi kukupenda. Umeingia uwanjani peke yako, siku ya mapumziko. Umekuta lori zee limesimama, na mguu wako wa dereva ukakupeleka mbele ya rejeta kabla ya ofisi. Umeona kitambaa juu ya kifuniko, ukadhani kimewekwa cha kushikia kifuniko kikiwa cha moto, kama madereva wote wa njia ndefu wanavyoweka. Umefungua, umeona maji yamepungua, na hukuweza kuondoka ukaliacha lori la watu na kiu. Umejaza hadi shingoni kama ulivyofundishwa. Kisha umekirudisha kitambaa na kukifunga kwa fundo la maturubai, fundo la mtu aliyefunga mizigo kwa mikono yake. Tangu juzi tunajua kampuni hii inaongozwa na dereva wa kweli. Tulikuwa watano tunaomnywesha Kifaru kimya kimya. Sasa ni sita, na tunajivunia kuwa nawe kundini.

Ila, mgeni wetu, wewe peke yako ndiye uliyeyaona maji yalikuwa wapi kabla ya kumimina. Sisi hatujui. Mama wa kantini anasema ulirudi kujaza jagi mara ya pili.

Msimamizi wetu aliposikia habari hii alikwenda mwenyewe stoo ya matairi. Alimwambia Mama Tochi, "Nililicheka fundo lako. Chukua tochi yako." Jana asubuhi Kifaru alijazwa hadi shingoni mbele yetu sote, akapandishwa mlima na mzigo huuhuu, akarudishwa, akaegeshwa pale unapomwona. Tumeshinda na kukesha tukilindana. Fundi wa umeme alikwenda kunawa mikono, wakamfuata watu watatu.

MAOMBI

Mgeni rasmi, tulikuwa tumeandaa maombi mengi: taa za shimo la pili, viatu vya usalama, na ile spana ya kumi na tisa. Tumeyafuta. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wetu ni mmoja.

Kabla hujanyanyua bendera, tunakuomba uende na Mama Tochi mpaka kwa Kifaru. Kitambaa chekundu kiko juu ya kifuniko, na safari hii fundo ni lake, kwa hiyo utahitaji subira kulifungua. Injini imepoa, huna hatari ya kuungua. Ufungue kwa mkono wako. Yeye atakumulikia. Tunaapa kwamba tangu jana hakuna aliyechungulia humo, naye hajachungulia, ingawa alfajiri alionekana amesimama mbele ya lori mikono nyuma.

Ukikuta maji yako shingoni, nyanyua bendera. Mama Tochi amesema atarudi kwa matairi yake bila kinyongo, na jioni atamjibu mdogo wake kwamba gari ni zima. Ukikuta yamepungua, tunakuomba utuambie kwa sauti, sote tusikie, kama ndivyo ulivyoyakuta Jumapili ile. Hatuombi zaidi ya hapo. Ukisema wewe, utepe utakatwa siku nyingine, shemeji atalala nyumbani leo, na fundi wetu ataacha kujishuku.

Mwenyezi Mungu aubariki mkono wako unaohurumia magari, akuongezee macho ya kuona yaliyo ndani, akulinde katika kila mlima wa kazi yako mpya. Awalinde pia madereva wetu wanaoteremka usiku na mchana. Na huu hapa msemo tuliokuachia mwanzoni, tunauchukua sasa: mgeni umekuja, mwenyeji na apone.

Jagi la kantini liko mezani mbele yako, mgeni rasmi. Ni lilelile. Mama wa kantini amelisugua mpaka linang'aa, akataka kukutilia maji ya kunywa, tukamzuia. Maji yako ya kunywa yamo kwenye chupa. Jagi leo tumeliacha tupu.

Ni sisi wako watiifu,
Wafanyakazi wa Karakana ya Malori,
pamoja na Mama Tochi, ambaye hakuombwa kuisoma risala hii kabla na sasa anatutazama kwa jicho kali.